Lamu, na punda aliyetubebea mabegi

Wiki moja kabla ya toleo hili kwenda kuchapwa, kijana wetu wa kupanga kurasa alichukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa ofisini: PUNDA AFE, MZIGO UFIKE. Tukacheka wote. Ukifanya kazi kwenye jarida, wiki ya mwisho wa mwezi ndivyo ilivyo, hakuna kulala. Kisha nikamwomba aufute. Wakanitazama kama mtu aliyepandisha mashetani. Basi, mpenzi msomaji, badala ya kuwaeleza wao peke yao, nimeona nikueleze na wewe, maana safari yenyewe sijawahi kuiandika.

Ilikuwa Februari 2019. Mimi na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Yeye alitaka Zanzibar, mimi nikang'ang'ania Lamu, na katika nyumba yetu anayeng'ang'ania ndiye hushinda. Nilikuwa na sababu. Rafiki yangu niliyesoma naye mawasiliano chuo kikuu ni mtoto wa Lamu, mtaa wa Mkomani, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiniambia, "Siku ukienda kwetu hutataka kurudi Dar." Mwenyewe alikuwa nje ya nchi, lakini mama yake alisema tufikie kwake, hoteli za nini.

Ndege ya kutoka Nairobi inakushusha kisiwa cha Manda, halafu unavuka kwa boti. Jamani, ile dakika boti inapokata maji na mji unaanza kuonekana! Nyumba nyeupe za mawe zimepangana ufukweni, majahazi yametia nanga, minara ya misikiti, minazi kwa nyuma. UNESCO waliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na ukifika huulizi kwa nini. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mkikutana watu wawili na punda mmoja, mmoja wenu lazima aingie mlangoni kwa watu. Mara nyingi si punda.

Gari halipiti humo. Mchanga wa kujengea, mawe, saruji, magunia ya unga, mitungi ya gesi, takataka, vyote vinapita mgongoni kwa punda. Kuna mikokoteni ya kusukuma, na siku hizi bodaboda zimeingia kisiwani, lakini ndani kule kwenye vichochoro punda ndiye lori, ndiye teksi.

Gatini tulipokelewa na mdogo wake rafiki yangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, mwenye punda wake wa kijivu aitwaye Komando. "Karibuni dada, karibu shemeji, mizigo niachieni mimi." Mizigo yenyewe ilikuwa mabegi mawili makubwa, begi dogo la viatu (ndiyo, viatu, nacheka mwenyewe), na maboksi mawili ya matoleo ya nyuma ya jarida niliyombebea Mama. Karatasi ni nzito kuliko unavyodhani. Akapakia vyote kwenye shogi, huku na huku, akafunga kamba, tukaanza kutembea.

Mume wangu akatoa simu akarekodi. Katika ile video mimi nimevaa miwani ya jua, natembea kwa madaha barabara ya pwani, na nyuma yangu Komando anakuja akitikisa kichwa juu, chini, juu, chini. Sauti yangu inasikika kabisa: "Ona anavyoitikia salamu za watu!" Tulipofika kwenye ngazi za kupandia kichochoroni akasimama. Kijana akamsukuma, akamchapa kidogo kwa fimbo, akasema, "Mvivu huyu, tangu juzi amekuwa mvivu." Nami nikacheka.

Nyumba ya Mama ni ya ghorofa mbili, yenye ua katikati, kuta nene zinazoshikilia ubaridi, na ngazi za mawe zilizosimama kama ukuta. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka siku ya kwanza, mahamri na mbaazi asubuhi yake. Sitaki kukutamanisha, ila yale mahamri nayaota hadi leo.

Usiku wa pili ndipo nilipowasikia. Chumba chetu kilitazama uani, na chini kijana na mkewe walikuwa wakigombana kwa sauti ya chini, ile ya watu wenye wageni. Mke alikuwa na mimba ya miezi saba. Punda hakuweza kumaliza kazi siku ile. Kulikuwa na nyumba inajengwa Langoni, kijana alikuwa na kazi ya kupeleka mchanga na matofali, analipwa kwa safari, na fundi alishamwambia asipoonekana kesho atachukua mtu mwingine. Mke anasema mnyama anaumwa. Mume anasema mvivu, na hata kama anaumwa, hela ya kujifungulia itatoka wapi? Halafu akasema neno lililonifanya niinuke kitandani: kuna dalali wa bara ananunua punda, mzima au kilema, yeye hajali.

Hapo nikueleze kidogo. Wakati ule Kenya ilikuwa na machinjio ya punda yenye leseni, na ngozi zikipelekwa China kuchemshwa kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao. Bei ya punda ilikuwa imepanda, na kwa kuwa kinachotafutwa ni ngozi, punda asiyeweza kutembea naye alikuwa na mnunuzi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikalitengua katazo mwaka 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Lakini usiku ule hayo yote yalikuwa bado.

Asubuhi Mama alimwita mzee mmoja jirani ambaye mtaa mzima unamwita Ami. Ami amefuga punda tangu utoto na ana punda watano. Alikuja na kikoi chake na kofia, akaketi barazani, akaomba kahawa. Hakumgusa mnyama. Mume wangu, katika kuchangia mazungumzo, akamwonyesha ile video ya siku ya kwanza.

Ami akaitazama mara tatu. Kisha akaniambia mimi, si kijana: "Tazama kitwa, mwanangu." Kitwa ndicho kichwa, kwa Kiamu. "Yuwaumwa huyu. Mguu upi?"

Nikatazama kwa makini kama niko kwenye mtihani. Kichwa kilikuwa kinashuka kila mguu wa mbele wa kulia ukikanyaga, nikasema kwa kujiamini, wa kulia. Ami akacheka hadi kahawa ikamwagika. Kumbe watu wengi hukosea hapohapo. Mguu unaouma unapotua, mnyama hunyanyua kichwa ili uzito usiulalie mguu huo. Mguu mzima ukitua, kichwa hushuka, kama mtu anayejiachia. Kwa hiyo mbovu ni ule unaotua kichwa kikiwa juu. Wa Komando ulikuwa wa kushoto. Na zile "salamu" nilizokuwa nazichekelea barabara ya pwani zilikuwa maumivu yake, tena akiwa na maboksi yangu mgongoni.

Naomba nikae hapa kidogo, maana najua baadhi yenu mna punda Dodoma, Arusha, Machakos, na wachache mna farasi. Kanuni ni ileile kwa wote wawili. Kama tatizo ni mguu wa nyuma, kichwa hakikusaidii sana, kamtazame kwa nyuma: nyonga ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Mtembeze kwanza, kisha mkimbize mchakamchaka, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru, kwenye ardhi ngumu na sawa. Kwenye mchanga laini utadanganyika. Akiwa amesimama, angalia kama anautanguliza mguu mmoja wa mbele na kukataa kuuegemea. Miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mwili, ndiyo maana matatizo mengi yako huko, na mengi ya hayo yako ndani ya ukwato wenyewe. Mtu huhangaika kuchua bega wakati msumari uko chini.

Tofauti ni kwamba farasi akiumwa atakuambia mapema kuliko punda. Punda huficha. Ni mnyama wa kuvumilia, kwa hiyo ukiona ananing'iniza kichwa, analala kuliko kawaida, anaacha chakula, au "amekuwa mvivu", ujue pengine ameshaumia siku nyingi. Yule kijana hakuwa mkatili. Alikuwa amesoma vibaya, kama nilivyosoma vibaya mimi mwenye digrii.

Kliniki ya punda iko palepale barabara ya pwani. Ilianzishwa mwaka 1987 na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza, na matibabu yalikuwa bure. Bure! Kijana alikuwa anajua. Hakutaka kwenda kwa sababu alijua watamwambia nini: apumzike.

Tulimwongoza Komando polepole, safari hii mgongo mtupu. Mganga wa wanyama aliyetupokea alimtembeza, akamkimbiza hatua chache, akatikisa kichwa chake mwenyewe. Kisha akaushika ukwato kwa kiganja, akashika na wa upande wa pili kulinganisha. "Shika," akaniambia. Wa kushoto ulikuwa wa moto. Akanionyesha pa kubonyeza kwa vidole, nyuma ya kifundo, pande mbili, kutafuta mapigo ya damu. Kwenye mguu mzima niliyatafuta nisiyaone. Kwenye mbovu yalikuwa yanadunda kama ngoma, huhitaji kuyatafuta.

Akachukua koleo kubwa, akawa anabana unyayo wa ukwato sehemu moja baada ya nyingine. Komando katulia. Akafika karibu na ncha, punda akaurudisha mguu kwa nguvu hadi kijana akayumba. "Hapo." Akaanza kuchonga kwa kisu kidogo kilichopinda, taratibu, akifuata alama nyeusi, na mara ikachuruzika, nyeusi, yenye harufu ambayo sitaieleza kwenye jarida ambalo mnalisoma mkila. Ilikuwa jipu. Kitu chenye ncha, kipande cha mwamba au cha chuma, kilikuwa kimechoma unyayo, uchafu ukaingia, tundu likaziba, na usaha ukakosa pa kutokea. Fikiria jipu chini ya ukucha wako, kisha ubebe saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, na punda hubebeshwa miwili.

Nilichokishangaa ni uso wa mnyama. Baada ya dakika chache akashusha pumzi ndefu, midomo ikalegea. Yule kijana alikuwa ameshika kamba, na nilimwona amegeukia baharini. Sikumsemesha.

Akachomwa sindano ya pepopunda. Hata jina la ugonjwa lenyewe linakukumbusha nani anaushika upesi, maana punda na farasi hawawezi kabisa kuhimili pepopunda, na kidonda cha ukwato ndio mlango wake. Akapewa na dawa ya maumivu. Kwato zilikuwa ndefu kupita kiasi, zikapunguzwa. Mganga alisema zinatakiwa kukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi, si kungoja zijikunje. Punda asili yake ni sehemu kavu za huku kwetu Afrika, ukwato wake hunywa maji na kulainika kuliko wa farasi, kwa hiyo maisha ya pwani, kuingia majini kila siku kupakia mchanga kwenye majahazi, yanamtesa kuliko tunavyodhani. Alale pakavu. Na asiachwe kukaa bila kula, kwa sababu punda akisusa chakula, hasa mnene, mafuta ya mwili humwagikia kwenye damu na yanaweza kumuua kabla ya jipu. Mikate na pumba nyingi za kumbembeleza nazo hapana, hizo humletea ugonjwa mwingine wa kwato. Majani makavu yanatosha.

Halafu likaja la kufunga kidonda. Kila siku mguu uloweshwe kwenye maji ya vuguvugu na chumvi, ufungwe, usiingie mchanga. Mganga akasema, kwa sauti ya mtu anayejua atachekwa, kwamba kitu kinachokaa vizuri kwenye ukwato kuliko bendeji yoyote ni pampasi ya mtoto, juu yake unazungushia gundi ya utepe.

Tuliporudi na habari hiyo nyumbani, Mama alicheka akakaa chini. Mke wa kijana hakucheka. Aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa pakiti ya pampasi aliyomnunulia mtoto ambaye hajazaliwa, akaichana, akatoa moja akampa mumewe. Hawakuwa wamesemeshana tangu usiku ule.

Lilibaki la fundi wa Langoni. Mume wangu alitaka kulipa kodi ya punda mwingine wiki nzima, nikamkanyaga mguu, maana niliona uso wa kijana ulivyobadilika. Ami ndiye aliyelimaliza, tena kwa maneno mawili. "Twaa wangu," akasema. Nusu ya mapato yake, nusu ya kijana, hadi Komando apone. Ni hasara, nusu ya hela. Lakini kazi haikupotea, na dalali hakupigiwa simu.

Sasa nikuungamie jingine, kwa kuwa humu ndani hatufichani. Baada ya somo la Ami nilianza kutazama mwendo wa kila kiumbe. Punda, mbuzi, wazee wa barazani. Jioni moja nimekaa juu ya dari napunga upepo, namsubiri mume wangu apande tuangalie jua linavyozama. Hapandi. Tangu tufike alikuwa na tabia hiyo ya kubaki chini, na mimi kichwani nilishaanza kuhesabu ni nani anamtumia meseji. Nikachungulia. Alikuwa kwenye ngazi, mkono ukutani, anashuka kufuata maji, na kila ngazi anatanguliza mguu uleule wa kulia, kisha anauleta wa pili ukae nao. Kama mtoto.

"Goti," akakubali nilipombana. Tangu bonanza la maveterani mwezi Desemba. Miezi miwili! Hakusema kwa sababu alijua nitamkataza mpira. Na mimi kwa miezi miwili nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, nimegundua simu yake, sijagundua mguu wake. Tuligombana kidogo, tukacheka sana. Alipofika Dar alikwenda hospitali, mpira ameacha, sasa ni kocha, anapiga kelele kuliko wachezaji.

Siku nyingine tulizunguka kama watalii. Ngome katikati ya mji, maduka ya wachonga milango, matembezi ya kwenda Shela ufukweni, kama nusu saa na kitu kwa miguu, mchanga mweupe hadi macho yanauma. Wakati wa Maulidi, waliniambia, hufanyika mashindano ya mbio za punda, vijana wanapanda bila tandiko, mji mzima unatoka kushangilia. Natamani kuyaona, ingawa najijua, nitakuwa natazama vichwa tu.

Siku ya tano mganga alimkimbiza Komando mchakamchaka mbele ya kliniki. Kichwa kilitikisika bado, lakini kidogo, unaona ukiangalia sana. Akasema wiki mbili zaidi, kisha mizigo myepesi kwanza. Kijana alihesabu kwa vidole. Hakubisha.

Tulipoondoka mabegi yalikwenda gatini kwa mkokoteni. Maboksi ya jarida yalibaki kwa Mama, na viatu nilivyokuwa sijavivaa hata kimoja nikavigawa.

Mwezi wa nne nilipokea picha kwenye simu: mtoto wa kike, mikunjo mitupu, amelala mkekani. Chini yake mama mtu ameandika kwamba Komando amerudi kazini, anatembea sawasawa, na kwamba nimkumbushe shemeji yangu, yaani mumewe, kwa kuwa mimi nilikuwa shahidi: punda wake anadaiwa pampasi sita.